Jina Chini ya Picha

Wageni walikuwa wamekwisha kula pilau, wamekunywa soda, wamepigana picha kwa simu zao, wamekwenda zao. Katika ukumbi mdogo wa kikundi cha urithi, mtaa wa Mfaranyaki mjini Songea, zilibaki chupa tupu chini ya viti na picha za kale ukutani, zile zile walizoalikwa kuja kuzitazama. Mgeni rasmi mwenyewe alihutubia kwa kirefu juu ya thamani ya historia yetu, na tangu alipoketi hadi alipoinuka aliupa ukuta mgongo. Hakuna aliyeona ajabu. Tumezoea kuiheshimu historia kwa hotuba na sahani, na anayesogea karibu ili aitazame usoni huonekana ndiye mwenye kasoro.

Siku hiyo mwenye kasoro alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwembamba, aliyejitanda kitenge cha rangi ya kahawa. Jina lake ni Domina Mapunda, ingawa mtaani jina hilo hulisikii. Wanamwita Mama Studio. Kwa muda mrefu yeye na mumewe Gaspari walikuwa na studio ya picha katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na watu wazima wengi wa Songea walipita mbele ya pazia lao lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Kisha zikaja simu zenye kamera, kisha Gaspari akafariki. Mtoto hawakujaliwa. Likabaki jina la mtaani, pazia lililokunjwa kabatini, na mwanamke anayesonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, halafu akala wa mtu mmoja.

Picha iliyomsimamisha ilikuwa ya mwanamke kijana aliyeketi kwenye kigoda, nyuma yake kiambaza cha udongo. Amejifunga kaniki chini ya kwapa. Kichwa kimenyolewa. Shingoni ana shanga, na katikati ya shanga hizo kuna kipande cheupe cha gamba la baharini, kimemeguka ukingoni. Mkono wa kulia ameuinua, na kwa vidole viwili ameshika uzi wa shanga karibu na lile gamba. Hatabasamu wala hajakunja uso. Chini ya picha yalibandikwa maandishi: AINA YA MWANAMKE WA KINGONI. SONGEA, 1907 HIVI.

"Aina," alisema Domina kwa sauti, peke yake.

Kijana aliyekuwa akikusanya chupa aliinua kichwa. Huyu alikuwa Raphael, mtunza ukumbi, aliyesomea uchoraji chuoni na kurudi nyumbani kufanya kazi ambayo nusu yake ni kufagia.

"Shikamoo, mama. Umesemaje?"

"Marahaba, baba. Nauliza, nani kaandika hili neno?"

"Ndivyo ilivyoandikwa nyuma ya picha yenyewe, kwa Kijerumani. Sisi tumetafsiri tu."

"Aina ni ya mahindi, Raphael. Ukienda duka la mbegu unauliza, mnazo aina gani? Mtu unamuuliza jina."

Raphael alicheka, akaweka chupa chini. "Nilimwambia Mwenyekiti hivyo hivyo, akaniambia nisiguse maneno ya asili. Lakini mama, hebu fanya kitu kimoja. Watu wote waliopita hapa leo wamesoma maandishi, wakaondoka. Picha hawakuitazama. Funika maandishi kwa kiganja, halafu uangalie."

Domina akafunika. Mwanzoni aliona aibu, kama mtu anayeziba mdomo wa mwenzake. Halafu macho yakaanza kutembea. Mwanga uliingia kutoka kushoto, mwanga wa asubuhi yenye mawingu, ukalala juu ya shavu moja na kuliacha jingine kivulini. Kiambaza cha nyuma kilififia, hata uso ukawa kama umetoka ukutani kwa hiari yake. Kamera ilikuwa imewekwa chini kidogo ya macho, kwa hiyo yule mwanamke, ingawa ameketi, alikutazama kwa juu. Na hakukutazama hasa. Alitazama kidogo kando ya bega lako, palipokuwa na kitu au mtu ambaye mpiga picha alimwacha nje.

"Hii si kumbukumbu tu," Raphael alisema nyuma yake. "Hii ni kazi ya sanaa, mama. Na haikufanywa na mzungu peke yake. Yeye alishika kamera. Huo uso umefanywa na mwenye uso."

Domina hakumsikia vizuri. Alikuwa amelifikia gamba.

Bibi yake Benigna, aliyemlea huko Peramiho baada ya wazazi wake kufa, alikuwa na hadithi chache tu kuhusu mama yake mwenyewe. Mama huyo aliitwa Namayanga. Mumewe aliuawa katika Vita vya Maji Maji, akabaki mjane mwenye mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye Benigna. Alikuwa mrefu, na shingoni alivaa gamba jeupe alilopewa na baba yake. Basi, ni hayo tu. Picha yake haikuwahi kuwapo. Sasa mbele ya Domina alikuwapo mjane kijana, kichwa kimenyolewa kwa msiba, shingo ndefu, gamba jeupe, vidole vikilishika gamba hilo kama mtu anayeshika mkono wa baba yake.

Aliegemea ukuta kwa mkono wote. Raphael akavuta kiti haraka.

"Mama, vipi? Nikuletee maji?"

"Huyu si aina," alisema Domina, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu. "Huyu ni wangu."

*

Wanaomfahamu Mama Studio wanajua kwamba akiamini jambo hanyamazi. Aliingia katika kikao cha kamati bila kualikwa, akasimama mbele ya Mwenyekiti, Mzee Kajetani, mfanyabiashara wa mbao aliyestaafu, mpole na mpenda sherehe. Akasema yote. Alisema kwamba zaidi ya miaka mia moja baada ya wakoloni kuondoka na uso wa mwanamke huyu ndani ya sanduku, sisi tumeurudisha na kuutundika pamoja na dharau yao, tena kwa Kiswahili fasaha. Alisema kwamba mtu aliyezaliwa, akaolewa, akafiwa, hawezi kuwa kielelezo cha wenzake kama bua moja linavyong'olewa shambani ili kuonyesha shamba zima. Alisema jina la huyo mwanamke ni Namayanga, na kwamba hataondoka mpaka liandikwe.

Alisema kweli, karibu yote. Ndiyo maana kosa lililokuwa katikati ya maneno yake halikuonwa na mtu, hata yeye mwenyewe.

Mzee Kajetani alifurahi kupita kiasi. Kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji ilikuwa inakaribia, na kikundi kilikuwa na picha, ngoma na mahema, lakini kilikosa mtu wa kuweka shada la maua aliye damu ya mmoja wa wale wa ukutani. "Mungu ametuletea Mama Studio!" alisema. Maandishi yakang'olewa, yakabandikwa mapya: NAMAYANGA, MAMA YAKE BENIGNA. SONGEA, 1907 HIVI. Picha ikachapishwa kwenye bango kubwa na jina lake chini. Domina akapewa nakala ndani ya fremu, akaitundika sebuleni, kando ya picha ya Gaspari.

Basi nyumba ile ikabadilika. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, alisema, "Shikamoo, bibi," na ingawa hakuna aliyeitikia, ukimya uliofuata haukuwa ule wa zamani. Kanisani alisogezewa nafasi benchi la mbele. Njiani watu walimsimamisha. Akatokea hata mwanamume mmoja wa Namtumbo, mkulima wa tumbaku aitwaye Saimon, aliyesikia habari na kusema kwamba kwa hesabu ya ukoo wao Namayanga alikuwa shangazi wa babu yake mkuu.

"Kwa hiyo wewe ni shangazi yangu kabisa," alisema, akiweka mfuko wa karanga mezani. "Tumekupoteza wapi siku zote hizi, shangazi?"

"Hapa hapa Mfaranyaki, mwanangu," alijibu Domina. "Sikwenda popote."

Alimpikia chai ya maziwa. Alipokuwa akikoroga sukari aligundua kwamba anaimba. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amemwita shangazi.

*

Raphael naye, kwa upendo wake, aliandika barua pepe kwa watunzaji wa picha huko Ulaya, akawaomba picha nyingine za mpiga picha yule yule. Walimjibu. Siku moja, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika, alimpigia simu Domina aende ukumbini.

"Nimekuletea wifi zake bibi yako," alitania, akapanga mezani picha tatu alizochapisha. "Zimetoka sanduku moja na ile yetu. Tazama kazi ilivyo nzuri! Kiambaza ni kile kile. Mwanga ni ule ule."

Domina alivaa miwani. Mwanamke wa kwanza alikuwa mnene, amecheka kidogo. Wa pili alikuwa msichana, karibu mtoto. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye chale usoni. Wote waliketi kwenye kigoda kimoja. Wote walijifunga kaniki moja yenye mkunjo mmoja ubavuni. Na wote, shingoni, walivaa shanga zenye kipande cheupe cha gamba la baharini, kimemeguka ukingoni.

Domina alizisogeza pamoja, shingo kwa shingo. Raphael aliendelea kueleza habari za vivuli mpaka alipoona kwamba anaeleza peke yake.

"Koti," alisema Domina mwishoni.

"Koti gani, mama?"

Raphael alikuwa mdogo mno kulijua koti la Gaspari. Lilikuwa la kijivu, kubwa, lenye kalamu mfukoni, nalo lilining'inia nyuma ya mlango wa studio kwa ajili ya kila mwanamume aliyefika na shati tu. Mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mfupi alipigwa picha ya kifuani ili mikono isionekane. Domina ndiye aliyewavika. Ukipita Mfaranyaki mpaka leo na kuingia sebule kumi, hutakosa kulikuta ukutani, limevaliwa na bwana harusi hapa, karani pale, marehemu kule. Wapo waliotangulizwa makaburini, picha zao zikibebwa mbele ya jeneza, wamo ndani ya koti la Gaspari. Na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kusema kwamba watu hao ni ndugu kwa kuwa koti lao ni moja.

"Mzungu alikuwa na shanga zake," alisema Domina. "Alizivika kila aliyekaa. Akitaka wafanane. Akitaka hiyo aina yake." Alivua miwani. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawavika watu, Raphael. Mimi! Ningepaswa kuliona koti."

Raphael aliinama kwenye picha, akatazama gamba baada ya gamba. "Lakini mama... ulituambia bibi yako alisema gamba lililomeguka."

"Alisema gamba jeupe." Aligusa gamba la picha moja kwa kidole. "Kwamba limemeguka, niliona pale ukutani, halafu nikarudi nyumbani nikamsikia bibi akilisema. Aliyasema baada ya kufa kwake, hayo."

"Labda bado ni yeye. Huwezi kujua. Labda kati ya wote wanne, huyu mmoja ndiye..."

"Labda," alisema Domina. "Labda si jina la mtu."

*

Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa waendesha bodaboda walimwita. Alifika, akaketi mbele ya ile fremu, na kwa mara ya kwanza hakumwamkia.

Naomba msomaji asimwone kuwa mtakatifu. Siku zilizofuata alikaa kimya, na ukimya huo ulikuwa wa kukusudia. Raphael alikuwa ameapa kwamba hatasema neno mpaka mama mwenyewe aseme. Kwa hiyo lilibaki kwake. Angefumba mdomo, siku ya kumbukumbu ingefika, angevikwa kitenge kipya na kutembea mbele ya watu na shada mikononi, na Saimon angesimama kando yake kama mtoto wa kaka anavyosimama na shangazi yake. Nani angeumia? Namayanga alikuwapo kweli, alifiwa kweli, hakuwahi kupigwa picha. Angekopeshwa uso tu. Na Domina angezeeka akiwa wa mtu fulani.

Hoja hizo aliziona nzuri mpaka alipomtazama yule wa kwenye fremu. Kwa maana yeye naye alikuwa na watu wake. Mahali fulani kulikuwa na mama aliyemzaa, pengine mtoto aliyemwacha kwa jirani asubuhi ile ya mawingu ili aje aketishwe kwenye kigoda. Mkoloni alimnyang'anya jina akambandika aina. Domina Mapunda alikuja na machozi na haki mdomoni, akambandika jina la mtu mwingine. Tofauti iko wapi? Iko katika nia, atasema mtu. Lakini aliyeketi kwenye kigoda hapati chochote kutokana na nia zetu.

Ndipo alipoutazama tena ule mkono. Siku zote alikuwa ameona vidole vinavyobembeleza gamba la baba. Sasa aliona kitu alichokwisha kukiona mara nyingi sana katika chumba chake cha mbele, kiasi kwamba hakuwahi kukitafutia maneno. Mtu aliyevikwa nguo ya kuazima haigusi kwa kiganja. Huishika kwa ncha za vidole viwili, huisogeza mbali kidogo na mwili, kana kwamba anasema, hii si yangu, nisije nikaichafua, au hii si yangu, msije mkadhani. Wanaume walilishika hivyo koti la Gaspari, penye kifungo. Gaspari alikuwa akiwaambia, "Shusha mkono, bwana, tulia," nao wakashusha. Wale wengine watatu katika picha za Raphael walikuwa wameshusha mikono, imelala magotini. Huyu hakushusha. Bila shaka aliambiwa, na bado hakushusha. Na mpiga picha, kwa kuchoka au kwa sababu macho yake yalimwambia kwamba hapa pana kitu, akabonyeza.

Uzuri wote wa picha ile ulitoka kwenye mkono huo. Uondoe, unabaki na mwanamke na kiambaza.

"Kumbe ulikuwa unakataa," alisema Domina. "Na mimi nikakuvika tena."

*

Mzee Kajetani alimpokea barazani kwake kwa shangwe, akaita chai. Alipomaliza kusikiliza, shangwe ilikuwa imekwisha na chai haijaguswa.

"Mama Studio, unatuvua nguo mchana."

"Nilizowavika mimi, baba. Ndizo nazivua."

"Mabango yamekwisha bandikwa! Yako stendi, yako sokoni. Na nani anajua? Wewe na huyo mtoto Raphael. Ungenyamaza tu, kingeharibika nini?"

"Koti la Gaspari unalikumbuka?"

Mzee akashangaa. "Nitalisahau vipi? Nilipigiwa picha ya harusi nalo. Ulinibana vibanio mgongoni mpaka nikashindwa kupumua."

"Sasa ungependa kila aliyelivaa aje hapa aseme yeye ni ndugu yako?"

Kajetani alicheka bila kupenda. "Thubutu! Ndugu zangu wangejaa uwanja wa Majimaji." Kisha kicheko kikamkauka, kwa kuwa alikuwa ameelewa. Alisugua goti lake. "Na wewe je? Umejifikiria? Siku ya shada utakaa wapi?"

"Nilipokuwa nakaa."

"Ni wapi hapo?"

"Nyuma."

Mzee alitazama pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na kwa muda mfupi walikaa kama watu wawili waliotembelea mgonjwa. "Haya. Basi tuandike, mwanamke wa Kingoni asiyejulikana. Kosa liishe."

"Kwamba ni Mngoni, nani alimuuliza?" Sauti ya Domina ilipanda, ile ile ya kwenye kikao. "Na asiyejulikana na nani? Alijulikana, Mzee Kajetani. Mumewe alimjua, jirani zake walimjua, aliyempa maji asubuhi ile alimjua. Mkiandika hajulikani, mnaandika kana kwamba upungufu ni wake. Mtu mmoja tu alikuwa na wajibu wa kumjua, alikuwa mbele yake na mdomo anao, na hakuuliza. Andikeni hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Mwanamke. Jina lake halikuulizwa."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwenyekiti alisema maneno hayo ni makali mno kwa ukumbi wenye wageni. Domina akasema makali hayakuanzia kwenye maandishi. Mwishoni mzee aliinua mikono, si kwa kukubali bali kwa kuchoka, na maandishi yakabadilishwa kwa mara ya pili.

*

Mabango ya stendi na sokoni yalifunikwa kwa karatasi nyeupe sehemu ya jina. Siku ya kumbukumbu ilinyesha. Shada liliwekwa na mtu mwingine, na Domina alisimama nyuma ya mahema, maji yakimchuruzikia begani kutoka kwenye turubai, hadi wimbo wa mwisho. Benchi la mbele kanisani lilijaa kabla hajafika. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kama zamani, "Shikamoo, Mama Studio," wakapita.

Domina alimpigia Saimon simu yeye mwenyewe ili kumweleza. Alipomaliza, Saimon akasema, "Ah. Sawa, mama." Si shangazi tena. Akasema kuna gari linamsubiri, la kwenda kwenye tumbaku. Domina alipojaribu tena baada ya siku kadhaa, simu iliita mpaka ikakata yenyewe. Karanga zake zilikuwa zimebaki nusu mfuko. Alizikaanga kidogo kidogo, ili zisiishe upesi.

Fremu aliitundua, akamrudishia Raphael. "Nyumbani kwangu si kwao," alimwambia. Msumari hakuung'oa. Ulibaki ukutani kando ya Gaspari, na asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, macho yalikwenda pale kwanza, kisha yakarudi.

Hata hivyo aliendelea kwenda ukumbini. Alikwenda siku za kawaida, pasipo na wageni, akaketi kwenye kiti kile kile alichowekewa na Raphael siku ile ya kwanza. Alimtazama mwanamke wa kwenye kigoda kama unavyomtazama mtu usiyemdai chochote. Aligundua, kwa uchungu kidogo, kwamba sasa alimwona vizuri zaidi. Zamani alikuwa akijitafuta katika pua ile na shingo ile. Sasa pua ilikuwa ya mwenyewe.

Siku moja mvua ilimsukuma ndani mwanamke mmoja, amebeba kifurushi cha mchele kichwani, kanga imelowa. Alitoa salamu mlangoni kwa "Asalaam alaikum", akasema ametoka Nakapanya, anasubiri gari, je, kukaa hapa kunalipiwa?

"Hakulipiwi. Karibu, mama," alisema Domina, akasogeza kiti cha pili.

Mgeni alikamua pindo la kanga, akatazama ukutani kwa kukosa la kufanya. Alisogea ili asome maandishi.

"Ngoja kwanza," alisema Domina. "Yafunike kwa kiganja. Halafu niambie unaona nini."

Mgeni alimtazama kama mtu anayepima kama mwenzake ni mzima, akacheka, akafunika. Mvua ilipiga bati. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Si wangu."

"Mh." Mgeni aliinamisha kichwa upande. "Huo ushanga unamwasha, masikini. Tazama alivyoushika. Anangoja tu huyo mtu aondoke, auvue."

Domina aliegemea mbele. Hilo hakuwa ameliona: kwamba picha ile ilikuwa na dakika iliyofuata, na katika dakika hiyo mwanamke alikuwa anainuka kwenye kigoda, anauvua ushanga, anaurudisha kwa mwenyewe, na kwenda zake nyumbani kwa watu waliolijua jina lake.

Alitaka kumuuliza mgeni anaona nini tena. Lakini mvua ilikuwa imepungua, honi ilisikika kutoka barabarani, na yule mwanamke akajitwisha mchele wake, akaaga, akatoka mbio. Domina alibaki ameketi, kiti cha pili kando yake kikiwa bado na unyevu wa kanga, akiutazama ule mkono.